Redio, kamera na senta loki ulizofunga nyumbani zinasumbua? Tafuta kosa kwa dalili

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika: Vitz, IST, Probox, Fielder, Premio. Yanakuja na redio ya Kijapani isiyoshika nusu ya stesheni zetu, na mara nyingi, tangu betri ilipochomolewa, redio hiyo inadai kadi ya ramani ambayo mwenye gari hajawahi kuiona. Basi mtu anakwenda Gerezani Kariakoo, au Kirinyaga Road Nairobi, ananunua redio ya Android, kamera ya nyuma, seti ya senta loki na alamu, anatazama video mbili tatu na kuvifunga mwenyewe uani kwake. Ni kazi inayowezekana kabisa kwa mtu makini. Shida huja siku zinazofuata: asubuhi gari haliwaki, kamera inakuja na kuondoka, mlango mmoja unafunguka wakati mitatu inafunga.

Wengi hapo hulaumu kifaa na kununua kingine. Kwa ninavyoona, mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichokosewa ni njia ya umeme: moto (umeme unaotoka chanya ya betri) umechukuliwa mahali pasipofaa, eathi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi) ni mbovu, au kiungo cha waya kimelegea. Na kosa la njia halionekani kwa macho wala kwa kipimo cha haraka, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi mbili nzima utaonyesha volti 12 kamili ilimradi hakuna kinachovuta umeme. Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: pima wakati kifaa kinafanya kazi, au kinajaribu kufanya kazi. Kipimo cha waya uliopumzika kinadanganya.

Kabla hujafungua dashibodi

Multimita ya bei ndogo inatosha, mradi iwe na tundu la ampea 10. Taa ya kupimia yenye balbu ni nzuri kwa kusaka moto kwenye fyuzi, lakini usiichomeke kwenye waya usioujua. Balbu huvuta umeme mwingi kuliko mita, na waya wa kompyuta ya gari hauutarajii.

Nyaya na plagi za njano chini ya usukani na nyuma ya dashibodi upande wa abiria ni za eabegi. Hizo hazipimwi, hazikatwi, hazigawanywi. Ukilazimika kufungua kitu karibu nazo, zima gari, chomoa hasi ya betri, usubiri angalau sekunde 90. Ndivyo Toyota wenyewe wanavyoelekeza, kwa kuwa mfumo wa eabegi hubaki na akiba ya umeme baada ya betri kuchomolewa. Tafadhali usifupishe muda huo.

Kisha pima betri yenyewe, gari likiwa limelala usiku mzima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya 12 ni tupu. Washa injini, upime tena: gari nyingi zinaonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu hata ukikanyaga mafuta, una tatizo la altaneta au mkanda, na hakuna ulichofunga kitakachotulia mpaka hilo lishughulikiwe.

Gari likilala siku mbili tatu, haliwaki

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi na redio ya Android, na chanzo chake hujulikana: waya wa njano na waya mwekundu wa redio vimeunganishwa pamoja kwenye moto wa kudumu. Njano ni wa kudumu, unaolisha redio na kumbukumbu yake. Mwekundu ni wa ACC, unaoiambia redio kwamba ufunguo umezungushwa. Ukiviunga pamoja kwenye moto wa kudumu redio itawaka na itapiga vizuri, ila haitapata habari kwamba umeshuka na kwenda kulala. Hata ukizima kioo, ndani inaendelea kufanya kazi.

Piga hesabu. Redio isiyolala ikivuta nusu ampea tu, kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ndogo ya Vitz ina kama ampea-saa 36. Siku ya tatu imekwisha, na stata ilishakata tamaa kabla ya hapo.

Kupima uvujaji kunahitaji subira. Funga milango yote, au sukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari liamini kwamba mlango umefungwa, ubaki na njia ya kufikia fyuzi. Weka ufunguo mbali. Chomoa waya hasi wa betri, hamisha kichomeo chekundu cha mita kwenye tundu la 10A, kisha weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na ule waya uliouchomoa. Subiri dakika 20 hadi 30, maana kompyuta za gari hazilali papo hapo. Ukishaweka mita hivyo usizungushe ufunguo wala usijaribu kuwasha injini, fyuzi ya ndani ya mita itaungua mara moja.

Gari la kawaida litatulia kati ya ampea 0.02 na 0.05. Ukiona 0.3, 0.5 au zaidi, umempata mwizi, kilichobaki ni kumjua jina. Anza na vitu ulivyoongeza wewe. Chomoa fyuzi ya waya wa njano wa redio. Kipimo kikianguka, rudi nyuma ya redio ukatenganishe njano na nyekundu. Kwenye Toyota nyingi plagi ya pini 10 ina waya wa buluu wenye mstari wa njano ambao ni moto wa kudumu, wa kijivu ambao ni ACC, na wa kahawia ambao ni eathi. Hakikisha kwa mita kabla ya kuamini rangi, kwa sababu fundi aliyetangulia huenda alikata plagi ile akaunga anavyojua.

Nyaya ziko sawa na bado redio inavuta? Ingia kwenye mipangilio. Redio nyingi za Android zina sehemu ya kuchagua zilale muda gani baada ya ufunguo kutolewa, na nyingine huja zimewekwa zikeshe kwa saa nyingi ili ziwake haraka. Punguza.

Wengine wa kuwashuku ni kamera ya dashibodi iliyoungwa kwenye moto wa kudumu bila kifaa cha kukata umeme betri inaposhuka, chaja ya simu iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya senta loki iliyoganda. Rilei iliyoganda huwa na joto. Iguse kwa kidole gari likiwa limelala, utaitambua.

Redio inasahau kila kitu ukizima gari

Hii ni kinyume cha ile ya juu. Njano na nyekundu zote zimeungwa kwenye ACC, au zimebadilishana nafasi. Ukitoa ufunguo, redio inanyimwa umeme kabisa, saa inarudi mwanzo, stesheni zinapotea, na kila ukiwasha unasubiri kioo kianze upya kabisa. Kwa namna zote mbili kuna ubaya wa ziada: umeme mwingi wa redio unapita kwenye njia ya ACC, ambayo mara nyingi inashirikiana na soketi ya kiberiti kwenye fyuzi moja. Siku utakayochomeka pampu ya tairi, fyuzi inakufa na redio inakufa nayo.

Redio kuzima kwa sekunde moja unapopiga stata si ugonjwa. Toyota nyingi hukata ACC kwa makusudi wakati stata inazunguka ili betri ifanye kazi moja. Lakini ikizima gari likiwa linatembea, hasa ukiongeza sauti, pima eathi. Weka mita kwenye volti, kichomeo kimoja kwenye nguzo hasi ya betri, kingine kwenye waya mweusi wa redio, wimbo ukipiga kwa nguvu. Inatakiwa usome chini ya 0.2. Ukisoma 0.8 au volti nzima, eathi hiyo haifai. Pengine umefunga kwenye skrubu ya dashibodi iliyoingia kwenye plastiki, au kwenye chuma chenye rangi. Tafuta bolti iliyoingia kwenye chuma cha bodi, kwangua rangi mpaka uone mng'ao, funga kwa kichwa cha duara kilichobanwa vizuri, kisha paka grisi kidogo juu. Kwa walio Mombasa, Tanga na Unguja hiyo grisi si mapambo. Hewa ya chumvi hula eathi isiyofunikwa.

Haishiki stesheni

Redio ya asili ya Japani imetengenezwa kwa masafa yanayoanzia 76, na nyingi huishia 90. Zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Wanaobaki na redio ya asili hufunga kibadili masafa kwenye waya wa eriali, kinachoshusha masafa kwa kiasi fulani. Kikishusha kwa 20, Capital FM ya Nairobi iliyo 98.4 utaipata ukitafuta 78.4. Kikiwa hakina umeme, hupati chochote cha maana, kwa hiyo pima moto wake kwanza. Na kikifanya kazi, stesheni zinaweza kulaliana kwa sababu zile za chini ya 90 nazo zinataka kupita. Hilo ni umbile la kifaa, halina dawa.

Kwa redio ya Android angalia eneo lililochaguliwa kwenye mipangilio. Ikiwekwa Marekani, inaruka kwa hatua za 0.2 katika namba witiri: 98.3, kisha 98.5. Ile 98.4 inarukwa kabisa, na 105.2 ya Classic pia. Chagua Ulaya.

Stesheni zipo ila zina mkwaruzo hata mjini kati? Tazama eriali. Magari yenye eriali iliyochorwa kwenye kioo yana kikuza mawimbi kidogo kinachohitaji volti 12 kutoka kwenye redio, kwa kawaida waya wa buluu wa redio mpya. Waya huo usipoungwa, redio inasikiliza kupitia kikuza kilichozimwa. Na kabla ya kufungua kitu chochote chomoa chaja ya simu kwenye kiberiti. Chaja duni hutoa mawimbi yanayofunika stesheni dhaifu, na kuichomoa ni kipimo cha sekunde tano.

Sauti haitoki, au inatoka bila besi

Spika za gari hazina waya wa eathi. Nyaya zote mbili za kila spika zinabeba umeme kutoka kwenye redio, hata ule wenye mstari mweusi. Fundi wa zamani aliyezoea redio za kale huunga nyaya zenye mstari kwenye bodi, na redio ya leo hujizima ili kujilinda au huunguza chipu ya sauti. Chomoa spika zote, zirudishe moja moja. Ile inayoua sauti ikirudi, waya wake umegusa bodi mahali, mara nyingi mlangoni. Spika nzima ikipimwa peke yake husoma ohmu 3 hadi 4.

Besi ikipotea wakati spika zote zinalia, moja imegeuzwa. Gusa nyaya zake kwa betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, spika ikiwa imechomolewa kwenye redio. Zote zinatakiwa kusukuma nje kwa mguso uleule. Inayovuta ndani, igeuze.

Mlio mwembamba unaopanda na injini ni wa eathi mbili tofauti, moja ya redio na nyingine ya amplifaya. Zipeleke sehemu moja.

Kamera ya nyuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kamera ina njia tatu na watu huziona kama moja. Kuna moto wa kamera yenyewe, ambao huchukuliwa kwenye taa ya rivasi. Kuna waya wa picha wenye kichwa cha duara cha njano. Na kuna waya mwembamba mwekundu ulioshikana na waya wa picha, kazi yake ni kupeleka habari mbele kwamba gia ya rivasi imeingia. Mbele, waya huo huungwa penye neno BACK au REVERSE nyuma ya redio. Nyuma, huungwa kwenye moto wa taa ya rivasi pamoja na moto wa kamera. Wengi huacha ncha zake zikining'inia wakidhani ni ziada.

Ukiingiza rivasi na kioo hakibadiliki kabisa, kosa ni la ile habari. Chukua waya wa BACK, uguse kwenye moto wa ACC kwa muda mfupi. Kioo kikigeuka, redio ni nzima, fuata waya mwembamba kuelekea nyuma. Kisipogeuka, tafuta kwenye mipangilio kama kamera imezimwa.

Kioo kikibadilika lakini kikabaki cheusi au cha buluu kikisema hakuna mawimbi, habari imefika na picha haikufika. Zungusha ufunguo hadi ON, kwa kuwa ACC haiwashi taa ya rivasi, injini ikiwa imezimwa, ingiza rivasi, vuta breki ya mkono, pima moto kwenye plagi ya kamera. Ikiwa chini ya volti 11, kiungo ulichofunga kwenye taa ni kibovu. Ikiwa 12, zungusha kichwa cha njano mbele na nyuma. Vichwa hivi hulegea vikisukumwa nyuma ya redio. Hakikisha pia umekichomeka kwenye tundu la kamera, maana redio hizi huwa na matundu ya njano mawili matatu na baadhi ni ya kutoa picha.

Picha inayokimbia juu chini, iliyopoteza rangi au yenye mistari ni ya lugha mbili zisizoelewana. Kamera za leo zinauzwa za aina ya AHD na za aina ya zamani ya CVBS, na redio lazima iambiwe ni ipi. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, jaribu kila chaguo, ukisubiri kidogo baada ya kila moja: CVBS, AHD 720 kwa picha 25, kwa picha 30, na kadhalika. Watu wametupa kamera nzuri kwa sababu ya chaguo hili moja.

Picha ikija mlango wa buti ukiwa umefunguliwa na kupotea ukifungwa, au kinyume chake, usihangaike na redio. Kwenye Vitz, IST na Probox nyaya zinapita ndani ya mpira kati ya bodi na mlango wa nyuma, na zinakunjwa kila unapofungua. Vuta mpira huo, angalia waya mmoja mmoja. Mara nyingi shaba imekatika ndani na ganda bado zima, kwa hiyo nyoosha kila waya taratibu kwa vidole. Uliokatika utanyumbuka kama mpira. Ukiupata, usiunge hapohapo kwenye mkunjo. Weka kipande kipya kirefu, viungo viwe nje ya mpira pande zote mbili.

Kushoto kuonekana kulia hakuna uhusiano na wiring ya gari. Kamera nyingi zina vitanzi viwili vidogo vya waya karibu na plagi yake, aghalabu cha kijani na cheupe. Kimoja kikikatwa, picha inageuka. Kingine kikikatwa, mistari ya kuegesha inaondoka. Soma karatasi ya kamera yako ujue kipi ni kipi, ukate, kisha ufunge kila ncha peke yake kwa tepu.

Ukungu ndani ya lenzi ni maji. Kamera ikishaingia maji, kuikausha juani kunanunua wiki chache tu.

Milango ya senta loki

Seti zinazouzwa kwetu kwa kawaida zina mota yenye nyaya tano ya mlango wa dereva na mota zenye nyaya mbili za milango mingine. Buluu na kijani zinakwenda kwenye mota. Nyeupe, kahawia na nyeusi za mlango wa dereva ni za swichi ndogo inayoliambia boksi la senta loki kwamba dereva amefunga au amefungua.

Mlango mmoja ukifanya kinyume cha mingine, badilisha buluu na kijani za mota hiyo. Hiyo ndiyo tiba yote.

Milango ikifunga kisha ikafungua palepale, shida iko kwa dereva. Ama nyeupe na kahawia zimebadilishana, ama mota haimalizi mwendo wake, hivyo ile swichi bado inasema mlango uko wazi na boksi linatii. Fungua paneli, funga kwa mkono taratibu, tazama fimbo ya mota. Inatakiwa itembee kutoka mwisho hadi mwisho bila kugusa kioo wala reli yake. Legeza skrubu ya kishikio, sogeza mota milimita chache, jaribu tena. Ipande pia ikiwa na mstari mmoja na fimbo ya kitasa; ikivuta kwa pembe, inakula nguvu yake yote kusuguana.

Ukisikia mlio wa rilei na hakuna mlango unaosogea, au unasogea kwa uchovu, umeme hautoshi. Mota moja huvuta kama ampea 3 hadi 5 kwa nusu sekunde. Nne kwa pamoja zinaweza kufika 20. Waya mwembamba uliotolewa kwenye redio hauwezi kazi hiyo. Leta moto kutoka kwenye betri au fyuzi boksi kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye fyuzi ya ampea 20, ile ya njano, iliyokaa karibu na unapoanzia moto huo.

Gari lako likiwa tayari na senta loki ya kiwandani na unachotaka ni rimoti tu, huhitaji mota mpya. Toyota nyingi zinataka waya wa swichi ya mlango uguswe eathi kwa muda mfupi. Tafuta waya ambao, ukipimwa kati yake na bodi, una volti ukiwa umepumzika na unaanguka hadi sifuri mtu akibonyeza kufunga. Huo upewe eathi kupitia nyaya za boksi la alamu kama mchoro wake unavyoonyesha. Ukiupa moto badala ya eathi, unaweza kuua kidhibiti cha milango, na hicho ni ghali kuliko alamu nzima.

Rimoti inayofanya kazi ukiwa umesimama mlangoni tu, badilisha betri yake kwanza. Ikibaki vilevile, tafuta waya mwembamba wa eriali wa boksi la alamu. Mafundi hupenda kuukunja na kuufunga pamoja na nyaya nyingine nyuma ya chuma. Unyooshe, uuweke juu, mbali na chuma.

Alamu inalia usiku

Kama inalia lori likipita, punguza ukali wa sensa ya mtikisiko. Ina skrubu ndogo ya kuzungusha, na inatakiwa ifungwe kwenye chuma kigumu, si kuning'inia kwenye nyaya. Kama inalia bila sababu yoyote, shuku swichi ya boneti. Iko kwenye maji na vumbi, inapata kutu, inaonyesha boneti iko wazi. Ichomoe usiku mmoja uone.

Kuna pia gari ambalo alamu inakataa kujifunga mpaka upite muda. Hilo lina taa ya ndani inayofifia taratibu, na boksi linasoma mwanga huo kama mlango wazi. Chukua habari ya mlango moja kwa moja kwenye swichi ya mlango, si kwenye taa.

Injini inazima ghafla barabarani baada ya kufunga alamu

Egesha, na usiendeshe tena mpaka umelipata kosa. Seti za alamu zina rilei ya kuzuia wizi, na kuna mafundi wanaoifunga kwenye waya wa swichi ya kuwashia au wa pampu ya mafuta. Kiungo hicho kikilegea ukiwa unalipita lori mlima Kitonga, Iringa, injini inakatika, usukani unakuwa mzito na msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara chache tu. Hakuna alamu inayostahili hatari hiyo. Rilei ya kuzuia wizi ikae kwenye waya wa stata peke yake. Hapo, ikiharibika, ubaya wake ni kwamba gari halitawaka likiwa limesimama. Rudisha waya wa awali kwa kiungo cha lehemu chenye mrija unaosinyaa kwa joto, hamishia rilei kwenye waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi ya stata, na utumie rilei ya ampea 30 au 40.

Fyuzi inaungua tena na tena, au kuna harufu

Kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuhamisha kuungua kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya. Nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, kijani 30; iliyoandikwa kwenye kifuniko ndiyo inayowekwa. Ikiungua mara moja unapoichomeka, waya umegusa bodi. Ikiungua baada ya muda au gari likipita kwenye mashimo ya barabarani, waya unasuguliwa mahali, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale ulipotoboa chuma bila kuweka mpira wa kinga. Viungo vya kusokota na kufunga tepu nyeusi pia hufunguka vyenyewe, kwa sababu joto la dashibodi juani huyeyusha gundi na tepu inateleza. Kila kiungo cha namna hiyo ulichokiacha, kirudie kwa lehemu au kwa kibano kizuri.

Yaliyobaki

Ramani inayokuonyesha mtaa wa pili: eriali ya GPS imefunikwa na chuma, ilete juu ya dashibodi karibu na kioo. Vitufe vya usukani visivyoitikia vinahitaji kuungwa kwenye nyaya za redio zilizoandikwa KEY1 na KEY2, pamoja na eathi, kisha redio ifundishwe kitufe kimoja kimoja. Sensa za kuegesha zinazolia bila kitu nyuma zimewekwa chini mno zikaiona ardhi, au zimepinduliwa juu chini. Kimo cha sentimita 50 hadi 60 hufaa, na alama ya juu iliyo nyuma ya sensa itazame juu kweli.

Ukimaliza na kurudisha betri, usishtuke injini ikitetema kidogo ikiwa imesimama. Kompyuta imepoteza mazoea yake, iache ipate joto na uendeshe kidogo. Kioo cha dereva kikikataa kupanda chenyewe na taa ya swichi ikimetameta, kishushe nusu, kipandishe, na kikishafunga endelea kushikilia swichi juu kwa sekunde kadhaa mpaka taa itulie.